Kabla Mbomoe Nyumba ya Mbao Ushago, Soma Hii

Tetemeko likipiga leo usiku, ungependa likupate umelala wapi: kwenye nyumba kuukuu ya mbao na mabati ya susu kule Muthetheni, au kwenye ile mpya ya matofali iliyojengwa mbiombio kando yake? Wengi tungejibu matofali. Hebu tusiharakishe.

Usiseme Kenya haina mitetemeko. Januari 6, 1928, Subukia ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 6.9, kubwa zaidi kurekodiwa nchini. Agosti 12, 2020, hata Nairobi ilihisi mtikisiko uliotoka Bahari Hindi. Na Machakos haiko mbali na Bonde la Ufa.

Ardhi ikitikisika, nyumba nzito ndiyo husukumwa kwa nguvu zaidi. Tofali ni zito na halipindiki. Kuta zisipofungwa pamoja kwa nondo na mkanda wa zege, hupasuka na kuachana. Bukoba, Tanzania, Septemba 2016, tetemeko la 5.9 liliua zaidi ya watu kumi na kuangusha mamia ya nyumba. Mbao ni nyepesi, na viungo vyake huyumba kabla ya kukatika. Ndiyo maana Haiti mwaka 2010, nyumba nyingi za kale za mbao jijini Port-au-Prince zilibaki wima huku majengo ya zege yakiporomoka.

Lakini usidanganyike, uzee si nguvu. Mchwa hawajali historia. Ukienda ushago, kagua mambo manne. Dunga bisibisi chini ya nguzo, pale inapogusa udongo; ikizama kama kwenye andazi, nguzo imeisha. Tafuta mbao za mshazari kwenye pembe za fremu. Bila hizo nyumba hulala upande kama katoni. Angalia misumari iliyooza na viungo vilivyolegea. Mwisho, je, fremu imefungwa kwenye msingi au imeukalia tu?

Ukipata kasoro, usikimbilie nyundo ya kubomolea. Nguzo moja hubadilishwa, mshazari huongezwa, na gharama yake ni ndogo kuliko nyumba mpya. Na kama lazima mjenge ya matofali, muulize fundi swali moja kabla hujatuma pesa: mkanda wa zege uko wapi? Akianza kukuzungusha, jua nyumba ya susu bado ndiyo salama zaidi bomani.