Mtungi wa oksijeni usiuguse

Mwandishi umeeleza vizuri, ila suala la usalama umelipitia juu juu. Cherehani ya ngozi inayoendeshwa kwa hewa haichagui gesi, inataka shinikizo tu. Mwenye mashine ndiye achague. Fundi aliye jirani na wachomeleaji asije akaazima mtungi wa oksijeni: ikikutana na mafuta ya kulainishia mle ndani, inaweza kulipuka. Gesi ya kupikia hata isitajwe, maana kila mshono mashine hupumulia chumbani.

Kaboni dioksaidi inafaa kwenye maonyesho, pasipo na umeme. Kilo 1 hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Ila mtungi usimame wima, la sivyo kimiminika kitaingia kwenye regyuleta. Na ukishona mfululizo, valvu inaota barafu, nguvu inashuka, sindano inakwama katikati ya mkanda. Madirisha yawe wazi pia.

Kwa karakana ya kudumu nunua kompresa, wala usisite. Huku pwani hewa ina unyevu mwingi, hivyo kila jioni fungua koki ya chini ya tangi umwage maji. Kelele utazizoea, majirani sijui.