Mfungwa Naye ni Mfanyakazi Mwenzetu



Katika mkutano uliopita wa tawi letu hapa Kasubi lilizuka jambo lililotugawa. Mwenzetu mmoja alileta hoja kwamba tutoe fedha kidogo katika mfuko wetu wa kusaidiana, tuwanunulie wafungwa wa Luzira rangi, karatasi na nyuzi za kusukia vikapu. Tena tumsaidie nauli mwalimu wa kuwafundisha kuchora, kusuka, na kukaa kimya kwa utaratibu ili kutuliza akili. Kabla hajaketi, kelele zilikwisha anza. Mmoja akasema, "Sisi tulio nje hatuna karo za watoto, tukawanunulie wezi rangi?" Watu wakapiga makofi. Hoja ikaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Mimi nasema tulipiga makofi mapema mno.

Kwanza tujiulize, ni nani aliye jela? Mwaka 2023 watu waliofungiwa katika magereza ya Uganda walizidi 70,000, na nafasi zilizojengwa ni kama 20,000 tu. Maana yake, mahali palipopimiwa mtu mmoja wanalala watatu na zaidi. Karibu nusu yao ni mahabusu, yaani korti haijawahukumu. Wapo wezi na wauaji, sikatai. Lakini wapo pia mafundi, wachuuzi, vijana wa boda boda, na hata watu wa deni. Jela haijazwi na matajiri, ndugu zangu. Inajazwa na watu wa aina yetu, na wengi wao watarudi katika mitaa yetu.

Nitasema lililonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alikaa mahabusu miezi 14, kisha kesi ikafutwa. Alikuja kwangu arudishiwe kadi yake ya chama. Nilimjibu, "Ngoja kwanza, ndugu yangu, watu watasema nini?" Aliondoka bila neno. Baada ya wiki mbili nilimkuta kando ya barabara ya Hoima, ameketi chini ya mti anasuka kikapu cha nyuzi za mgomba. Niliona haya, nikaketi naye.

Akaniambia, "Mzee, kule ndani usiku ndio mbaya. Mlango ukifungwa, kichwa kinaanza kuhesabu: siku ya korti, kodi ya nyumba, mke anakula nini. Mzee mmoja wa kifungo kirefu akanifundisha kusuka. Mkono ukizunguka, pumzi inashuka pole pole, na kichwa kinaacha kuhesabu. Bila yeye ningemuumiza mtu, au ningejinyonga."

Hakuna daktari aliyempa dawa hiyo. Lakini hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita tiba kwa njia ya sanaa, na kutafakari. Mtu anapewa kazi ya mikono yenye utulivu, au anaketi na kufuata pumzi yake ikiingia na kutoka, mpaka hasira na hofu zipungue na aweze kufikiri tena. Sisi watu wa Kasubi hatuhitaji kufundishwa sana habari hii. Nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka ilipoungua tarehe 16 Machi 2010, tuliona ilivyojengwa upya kwa matete na nyasi, mwaka baada ya mwaka. Anayefunga matete hawezi kufanya kwa hasira. Hasira ikimshika, fundo linalegea, na kazi inamrudia mwenyewe.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wazungu. Si kweli. Ndugu Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi ya siasa aliyoiandika. Alikaa miaka mitatu, muda mwingi peke yake. Kule jela alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalitolewa kitabu mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na leo yanasomwa na kila anayejifunza ushairi wa Kiswahili. Aliitafuta sanaa mwenyewe, jela haikumpa hata karatasi.

Hapa kwetu Luzira, wanawake wafungwa husuka vikapu na kuimba kwaya. Bi. Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo mwaka 2002, aliongoza kwaya humo, akasoma sheria, na kesi yake pamoja na wenzake 417 iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 2009. Tangu hapo hakimu halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Mwaka 2016 alitoka huru. Mtu aliyekatiwa tamaa alisimama akafikiri, na nchi nzima ikafaidika.

Na huko India, katika jela kubwa ya Tihar mjini Delhi, mwaka 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 waliketi pamoja siku kumi katika kutafakari kwa kimya. Mkuu wa jela wakati huo, Bi. Kiran Bedi, hakuwaacha nyuma askari jela. Nao walipelekwa kujifunza.

Kwa hiyo naunga mkono hoja. Lakini sisi ni chama cha wafanyakazi, si chama cha kugawa sadaka. Tutoe fedha zetu huku tukisema wazi mambo matatu.

La kwanza: kikapu kikiuzwa, aliyekisuka apate chake. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Mandela, zinasema magereza yote yawe na shughuli za burudani na utamaduni kwa afya ya wafungwa. Kanuni hizo hizo zinasema mfungwa anayefanya kazi alipwe malipo ya haki. Tusikubali kushika nusu moja na kuitupa nyingine. Kazi isiyolipwa ndani inashusha pia bei ya jasho letu huku nje.

La pili: rangi na kutafakari visigeuzwe pazia la kuficha msongamano. Kumfundisha mtu kuvuta pumzi vizuri katika chumba kisicho na hewa ni dhihaka. Kesi zisikilizwe upesi, na mahabusu wapunguzwe. Anayefundishwa kutulia asifundishwe kunyamaza.

La tatu: askari jela wasisahauliwe. Nao wanashinda mle mle ndani, wachache mbele ya wengi, kisha wanarudi nyumbani na hasira ya kutwa. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 2006 inawanyima haki ya kuwa na chama, na Shirika la Kazi Duniani limeikumbusha serikali yetu jambo hilo mara nyingi. Sisi tunapogombana na mwajiri tuna tawi la kukimbilia. Wao hawana. Askari asiye na pa kulilia atamlilia mfungwa kwa fimbo. Mwalimu akienda, awafundishe wote.

Ndugu aliyeuliza habari ya karo aliuliza swali la haki. Watoto wetu wanahitaji shule, na hatutaacha kudai mishahara. Lakini kijana anayetoka jela akiwa na hasira kuliko alipoingia, atakutana na nani wa kwanza? Hatakutana na waziri. Atakutana na mtoto wako akitoka shule jioni. Kinachotakiwa kwa kila mwanachama ni fedha ndogo kuliko nauli ya boda boda kwenda mjini. Mimi nitaweka shilingi 10,000 mezani siku hiyo.

Yule kijana nilimrudishia kadi yake, lakini baada ya miezi mitano, naye leo ni fundi na analipa ada kila mwezi. Miezi hiyo mitano ni deni langu. Sipendi tawi zima likope deni kama hilo.

Umoja wa wafanyakazi udumu!