Nani Mwenyeji wa Usinge?

Ndugu msomaji, ukipita asubuhi karibu na stesheni ya Usinge utaamkiwa "Mwangaluka", na kabla hujajibu utasikia "Mwakeye". Wako Wanyamwezi, Wasukuma waliofuata malisho, Waha wa kutoka Kigoma, na watu wenye asili ya Burundi. Hata hivyo wapo wapendao kuuliza, "Huyu ni mwenyeji au wa kuja?" Kwa maoni yangu swali hilo halifai hapa.

Nchi hizi zilikuwa njia ya misafara baina ya Tabora na Ujiji, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 zikawa njia tena. Pahali pa njia hapawi pa ukoo mmoja. Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makao Ulyankulu, ambako leo kumo katika wilaya yetu ya Kaliua, na mwaka 2014 maelfu ya wakimbizi wa mwaka ule walianza kupokea hati za uraia. Mtoto aliyezaliwa huko ataitwa mgeni mpaka lini?

Watasema ng'ombe wanamaliza mashamba. Ni kweli, na ugomvi huo si wa kuchezea. Lakini mahindi yakiliwa, mwenye kosa ni mwenye ng'ombe, wala si kabila lake. Alipe fidia, basi.

Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Ile ya 2022 haikuuliza. Nashangaa basi kwa nini sisi wanafunzi tunaulizana, hasa siku ya kuchagua viranja.