Tusihesabu Vichwa Tu, Tuulize Walikuwa Chumba Gani

Mnakumbuka Desemba 2023? El Niño ilikuwa imesomba nyumba za watu Garissa, Mandera na Tana River, zaidi ya watu mia moja washakufa, na sisi huku mtandaoni tunapigana juu ya listi ya Dubai. Majina 765 ya Kenya kwenye COP28! Na ilikuwa tu Oktoba serikali ilitoa waraka ati safari za nje zisizo za lazima zisimame. Mimi nilichemka kama kila mtu. Nikauliza hao wote wanaenda kushika feni ama?

Serikali ikajibu kwamba wengi kwenye hiyo listi hawakulipiwa na mlipa ushuru. Na ukweli usemwe, hapo kuna point. Nchi hupewa beji za ujumbe wenyewe, halafu kuna beji za ziada ambazo inaweza kupea watu wa mashirika, biashara, hata vijana wanaharakati. Wengine wanalipiwa tiketi na wafadhili. Kwa hivyo ukichukua 765 uzidishe na bei ya hoteli ya Dubai, hesabu yako imeenda tenje.

Lakini pia hiyo si jibu la kutufunga mdomo. Hizi COP hazipigiwi kura. Maamuzi hupita kwa makubaliano, so hata ukibeba watu elfu, bado wewe ni nchi moja. Chenye hufanyika ni vikao vingi kuendelea wakati mmoja: huku wanaongea pesa, kule misitu, chumba kingine fidia ya hasara za mafuriko na ukame. Nchi yenye watu watano inalazimika kuchagua kikao cha kukosa. Na hapo ndipo ujumbe mkubwa unaweza kuwa na maana, kama ni watu wanaojua kazi, wale hukaa hadi saa nane usiku wakibishania neno moja. Dubai walibishana sana kuhusu kuachana na mafuta na makaa ya mawe, na mkutano ukapitiliza siku moja.

Sasa cheki kilichotokea mwisho. Tarehe 13 Desemba rungu la mwenyekiti likagonga, makofi, imepita. Halafu mama mmoja kutoka Samoa, Anne Rasmussen, akasimama kuongea kwa niaba ya visiwa vidogo, nchi 39. Akasema wao hawakuwa ndani ya ukumbi wakati uamuzi ulipitishwa. Walikuwa nje wakipanga msimamo wao! Watu ambao bahari inawamezea nchi. Walipigiwa makofi marefu sana, wengine wakasimama, na uamuzi ukabaki vile ulivyo.

Tangu niskie hiyo story, swali langu limebadilika. Watu wetu walikuwa wapi saa hiyo? Kuanzia COP28, listi ya UN inaonyesha jina na mahali mtu anatoka. Poa. Lakini haiambii mtu wa Tana River nani alikaa kwenye kikao cha fidia, alisema nini, na nani alikuwa mall. Hiyo ripoti inafaa kutoka kwa wizara, kwa Kiswahili, kabla ya marupurupu ya safari inayofuata kulipwa. Ukitoa jina la mtu na hawezi kutaja kikao hata kimoja, next time abaki.

Mbona nasumbua na hii sai? Kwa sababu COP32 itakuwa Addis Ababa, 2027. Ni hapa tu, saa mbili hivi kwa ndege. Na itakuja miezi michache baada ya uchaguzi wetu wa Agosti, wakati kila aliyebeba bango kwenye kampeni anatafuta kashukrani. Unajua vile hiyo listi itajaa. Kwa hivyo kama una MCA, mbunge, ama mtu yeyote anakuja kuomba kura mtaani kwenu, muulize mapema: nani ataenda Addis, na ataingia chumba gani?