Mizani ya Dhahabu na Mizani ya Mungu

Tangu Shinyanga hata Geita, ardhi ina mali nyingi. Huko Mwadui, karibu na Shinyanga, Dr. John Williamson, mtu wa Kanada, alianzisha machimbo ya almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi yenye rangi ya waridi, akapewa zawadi Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alipoolewa. Nako Geita mnunuzi wa dhahabu huweka mizanini hata chembe ndogo kama punje ya ulezi, asikubali ipotee.

Si vibaya kutunza kitu cha thamani. Lililo baya ni kumpima mtu kwa mizani hiyo hiyo. Wako wadhanio ya kwamba tajiri ndiye apendwaye na Mungu, na maskini amesahauliwa. Sivyo. Yesu alipozaliwa alilazwa horini, na wazazi wake walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, ndiyo sadaka ya maskini. Na mtoto huyo ndiye Mungu aliyependezwa naye. Zaburi ya 149 nayo yafundisha ya kwamba Mungu huwafurahia watu wake, na wanyonge huwapa heshima.

Mizani ya mali ilileta msiba mkubwa katika nchi hii. Kuanzia miaka ya 2007 na 2008 watu wengi wenye ualbino waliuawa, kwa kuwa waganga waongo walisema viungo vyao huleta dhahabu na samaki. Mwezi wa Februari 2015, huko Chato katika mkoa wa Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyang'anywa mama yake, akauawa. Mama alijeruhiwa kwa panga akimtetea. Wauaji walimpima mtoto yule kwa dhahabu. Mama yake alimpima kwa mizani ya Mungu, akaona yafaa kutoa hata uhai wake.

Ualbino si uchawi wala laana. Ni upungufu wa rangi mwilini, ambao mtoto huurithi kwa baba na mama pia, ingawa wote wawili ni weusi. Wakati wa hatari ile, shule ya Buhangija mjini Shinyanga, iliyokuwa ikiwafundisha watoto wasioona, iliwapokea watoto wengi wenye ualbino, wakapata mahali pa kulala na kusoma. Hiyo ndiyo ibada impendezayo Mungu, kwa maana yeye huwatunza wanyonge kwa mikono ya watu.

Wala kazi hiyo si ya watu wazima peke yao. Mtoto mwenye ualbino haoni mbali vizuri, na jua humwunguza upesi. Mwanafunzi ampishaye mwenzake kiti cha mbele, karibu na ubao, au kumwachia kivuli wakati wa mapumziko, amefanya jambo dogo machoni pa watu, bali zito katika mizani ya Mungu.

Machimbo ya kwanza ya Geita yalifungwa mwaka 1966. Mengine yakafunguliwa mwaka 2000, nayo yatakwisha siku yake. Bali mtu mnyonge ambaye Mungu amfurahia, thamani yake haitakwisha kamwe.