Laila Hakuulizwa



Juzi, baada ya misahafu kufungwa, kijana mmoja wa darasa la juu aliniuliza: "Maalim, kisa cha Laila na Majununi ni cha kweli? Tumeitazama nyumbani senema yake ya zamani ya Bara Hindi, na mama akalia." Nikamwahidi kumjibu kwa kalamu, ili jibu liwafikie na wazee wake.

Senema hiyo ni ya Kitelugu, lugha ya watu wa kusini-mashariki ya Bara Hindi, nayo ilitolewa mwaka 1949. Aliyeiongoza ni P. S. Ramakrishna Rao. Akkineni Nageswara Rao alicheza Majununi, na Bhanumathi alicheza Laila, akaziimba nyimbo zake kwa sauti yake mwenyewe. Muziki ulitungwa na C. R. Subburaman.

Lakini asili ya kisa ni Uarabuni. Husimuliwa kuwa Qays bin Mulawwah, kijana wa Banu Amir huko Najd, zama za Bani Umayya, alimpenda Laila, akamtaja mbele za watu katika mashairi yake. Kwa Waarabu wa siku zile hiyo ilikuwa fedheha kwa jamaa za mwanamke. Baba akaikataa posa, akamwoza binti kwa mtu mwingine. Qays akahamia nyikani, wakamwita Majnun, ndilo neno letu majununi. Wanazuoni wa kale walihitilafiana kama kijana huyo aliishi kweli. Mwaka 1188 Nizami wa Ganja alikitunga kisa kwa Kiajemi, kikaenea mpaka Bara Hindi.

Wako wamlaumuo Qays, na wako wamlaumuo baba. Mimi naona kosa lililo kubwa zaidi ni kuwa Laila hakuulizwa. Qays aliimba, baba alighadhibika, mume alitoa mahari. Yeye peke yake hakutakiwa neno.

Sasa tazameni Madina. Imepokewa katika Bukhari kuwa Barira alipopata uhuru wake alipewa hiari, akaachana na mumewe Mughith, naye bado ni mtumwa. Mughith akawa akimfuata njiani, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) alimhurumia, akamwombea kwa Barira amrejee. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akaambiwa ni maombezi tu. Akakataa, wala hakulazimishwa. Machozi ya mwanamume yalihurumiwa, na neno la mwanamke likaheshimiwa.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Miaka iliyopita nilimkubalia mposaji barazani kwangu, kisha ndipo nikaingia ndani kutoa habari. Binti yangu akanyamaza, nami nikasema, "Kimya chake ni idhini." Usiku mama yake akaniambia, "Mtoto hakunyamaza kwa kuridhia. Amenyamaza kwa kuwa umekwisha kujibu." Nikakumbuka niliyoyasoma miaka mingi: kimya cha bikira ni idhini pale anapoulizwa. Asubuhi nilikwenda kwa mposaji kumtaka radhi. Niliona haya, lakini haya ya siku moja ni nyepesi kuliko majuto ya umri.

Enyi wazazi, posa ikija, ulizeni ndani kabla ya kujibu barazani. Nanyi vijana, jina la binti wa watu msilitangaze, si kwa shairi wala kwa simu. Pelekeni wazee kwa heshima, na mkikataliwa, subirini.

Na huyo Bhanumathi aliyelia katika senema kwa kuozwa asiyemtaka? Katika maisha yake aliolewa mwaka 1943 na mume aliyempenda na kumridhia mwenyewe, naye ndiye huyo Ramakrishna Rao aliyeiongoza senema.

Basi kijana wangu, mwambie mama kuwa kulia si vibaya. Kisha mkumbushe kuwa nyumbani mwenu pia mna binti.

Wabillahi taufiq.