Wanangu, Nyamazeni Tumsikie Mzee

Kuna tabia imeota mizizi miongoni mwa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza filamu za hali halisi, nami siwezi kuinyamazia tena. Filamu inaanza: droni imepaa juu ya mashamba ya mahindi, muziki uliopakuliwa mtandaoni unanguruma kana kwamba majeshi yanakwenda vitani, kisha inaingia sauti ya msimulizi, kijana wa Kanduyi aliyejitwika lafudhi ya Marekani, akitutangazia kwamba kilimo ndicho uti wa mgongo wa taifa. Nani asiyelijua hilo? Kuanzia Kitale mpaka Malakisi, mtoto wa darasa la kwanza atakuimbia. Dakika tatu zimekwisha na mkulima mwenyewe hatujamwona.

Hatimaye anatokea. Mzee wa Mabanga, viatu vya mpira miguuni, anaanza kueleza kwa Kibukusu jinsi viwavijeshi vilivyoingia shambani mwake mwaka 2017. Kabla hajamaliza sentensi ya pili, sauti yake inashushwa na yule kijana anarudi kutufafanulia! Penye wazee haliharibiki neno, ndivyo tulivyolelewa. Hapa mzee yupo, neno lake lipo, na mjukuu analiharibu kwa makusudi. Mwacheni aseme. Andikeni tafsiri chini ya picha, tutasoma. Kila Jumapili tunahubiriwa tutangulize sikio kabla ya ulimi, kisha Jumatatu twawafundisha watoto ulimi mtupu.

Sisemi hamna vipaji. Hasha! Nchi nzima inajua kwamba vijana wa Magharibi mwa Kenya wakipanda jukwaani kwenye tamasha la taifa la drama na filamu, wengine hukaa vizuri vitini. Akili mnazo, bidii mnayo, na simu zilizo mfukoni mwenu zinatoa picha ambazo zamani zilihitaji kamera ya kubebwa begani. Mlichokosa ni subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nanyi mnataka kukipata mkiwa angani na droni.

Mtazameni Kisilu Musya, mkulima wa Ukambani. Alipewa kamera, akajirekodi yeye na jamaa yake kwa miaka kadhaa, akishirikiana na Julia Dahr wa Norway, na mwaka 2017 ikatoka filamu yao inayoitwa Thank You for the Rain. Dhoruba inapoivamia nyumba yake, hakuna profesa anayekatiza kutusomea mhadhara wa tabianchi. Tunaiona nyumba, tunawaona watoto, tunamsikia baba mwenyewe. Tumekwisha kuelewa. Filamu hiyo ilizunguka dunia, naye alikuwa mkulima tu, hana diploma ya uanahabari. Alikuwa na jambo lake na alikaa nalo.

Hapa kwetu mambo yamejaa tele. Nendeni Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilianza kazi miaka ya sabini, kikafungwa 2009, na mji ukanywea pamoja nacho. Nimewahi kuona kazi ya wanafunzi juu ya habari hiyo: nusu nzima ni maafisa wenye tai, wameketi nyuma ya meza, wanasema wadau wanashauriana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake! Kwa nini hawakumfuata mama mmoja anayejua mabati ya nyumba yake yalivyoliwa na moshi wa kiwanda, naye huyohuyo akalia kiwanda kilipofungwa kwa sababu mumewe alikuwa kibarua pale? Moshi uleule ulimtobolea paa na kumlipia karo. Hiyo ndiyo filamu. Ukimpata mama huyo, wale maafisa wote wanakuwa ziada, na mtazamaji ataondoka akiwa na swali ambalo halimtoki kichwani. Au ingieni madukani Kitale mwulize kwa nini mkulima bado anaagiza mbegu ya mahindi ya 614 kama anayemwita ndugu yake kwa jina. Mtu mmoja, shamba moja, msimu mmoja, kuanzia kulima mpaka kuanika kwenye turubai. Mnaotaka kueleza njaa ya Afrika nzima kwa dakika kumi, mnatupotezea wakati.

Na adabu, wanangu, adabu. Wapo wanaopanda Mlima Elgon kuwatafuta wajane wa mapigano ya kugombea ardhi na wa operesheni ya kijeshi ya 2008, wanamsogezea mama kamera mpaka puani, wanamwuliza alijisikiaje. Wakiona chozi, wanafurahi kwamba wamepata. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Msimwombe mama afe tena ili nyinyi mpate alama.

Lakini wamejifunza wapi, kama si kwetu wakubwa, matangani? Siku hizi mpiga video ndiye bwana wa maziko. Anamkanyaga mjane, anamziba padri, anasimama ukingoni mwa kaburi akipiga kelele watu wasogee, na sisi tunasogea! Nimeona jeneza likisimamishwa hewani ili picha itoke sawa. Wazee wa Bukusu waliokuwa wakiheshimu maiti kwa siku na siku, leo wanaongozwa na kijana wa kukodi. Wenye misiba, mna haki ya kumwambia asimame nyuma ya watu. Mwambieni.

Nanyi walimu, acheni kuwaandikia watoto maneno ya msimulizi kabla hawajatoka nje ya geti. Wapelekeni Mabanga wiki nzima bila karatasi, wakakae na mkulima mmoja, wamsaidie kupalilia, na kamera ifunguliwe siku ya tatu. Waamuzi wa tamasha, mkiletewa filamu, iangalieni kwanza na sauti ikiwa imezimwa. Isipowaonyesha chochote, irudisheni shuleni.